Chupa Zilizofunguliwa Nyuma ya Pazia

Chupa nne zilikaa juu ya meza zikitoka jasho, na hakuna mkono uliozigusa. Wanaume wanne walizitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia ndani bila kubisha hodi. Povu lilipanda polepole katika chupa moja, likafika mdomoni, likamwagika na kuchora kijito juu ya mbao. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, trei kifuani, nikitabasamu. Nilikuwa nikisubiri kushukuriwa.

Ilikuwa Jumatatu, saa nane na nusu mchana, mwaka 1974, katika baa ya Tupumuzike, mtaa wa Manika, hapa Kolwezi. Ilikuwa siku yangu ya kwanza ya kuuza pombe, na ilikuwa karibu iwe ya mwisho.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa dawa. Kwa miaka kumi na mmoja nilisimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa la Mgiriki mmoja mjini, nikizisoma karatasi za madaktari ambazo wao wenyewe wasingeweza kuzisoma mara ya pili. Kisha serikali ikatangaza kwamba maduka ya wageni yawe mali ya wananchi. Mgiriki akaondoka na masanduku mawili, na duka likapewa mheshimiwa mmoja ambaye hakujua tofauti ya aspirini na chokaa. Mheshimiwa aliuza dawa, akauza mizani, akauza rafu, na mwezi wa tatu akauza mlango. Duka lisilo na mlango halihitaji mtu wa kulifungua asubuhi, nikaambiwa nikae nyumbani.

Jina langu nalo lilikuwa limekwenda. Nilibatizwa Barnabé, lakini tuliambiwa kwamba majina ya namna hiyo ni mabaki ya ukoloni, tuyaache. Nikabaki Kisimba. Mke wangu Valérie akawa Mbuyu katika karatasi zote na vinywani mwa watu wote, ila kinywani mwangu tukiwa nyumbani.

Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa kimebaki ambacho hakuna aliyekuwa na uwezo wa kunipokonya. Nikiwa na miaka kumi na sita, siku ya ubatizo wangu, niliahidi mbele ya kanisa zima kwamba pombe haitapita kinywani mwangu. Haikuwahi kupita. Sikuonja harusini, sikuonja matangani, sikuonja hata siku shemeji zangu waliponicheka mbele ya mahari yangu mwenyewe. Nilijivunia jambo hilo, tena zaidi ya ilivyofaa.

Na ajabu ni kwamba jambo hilo ndilo lililonipa kazi. Mama Ngalula, mwenye baa, mwanamke wa asili ya Kasai mwenye mikono minene na macho yasiyosahau, alikuwa amekwisha kuwafukuza wauzaji wanne kwa mwaka mmoja.

"Bote banne bakakunywa baa yangu," aliniambia. "Weye haukunywake. Njo maana ninakutaka. Tutajaribu mpaka siku ya posho, na pale nitakuambia kama unabakia."

Siku ya posho ndivyo tunavyoiita Jumamosi sisi watu wa migodini. Nilikuwa na siku sita.

Kanisani, Mzee Mbayo alikuna kidevu chake kwa muda mrefu kabla ya kunipa ruhusa. "Kuuza haina kunywa," alisema, "lakini mutu anayekaaka karibu na mafuta, nguo yake inajua." Valérie yeye hakukuna kidevu. Alinishika mkono na kunitaka niahidi upya, mbele yake peke yake, na niliahidi.

Asubuhi ile Mama Ngalula alinifundisha kazi kwa muda wa saa mbili. Alinionyesha jinsi ya kuzipanga chupa ndani ya friji, za jana mbele na za leo nyuma. Alinieleza kwamba wazee wenye meno mabovu hunywa pombe isiyo ya baridi, na kwamba ukiwapelekea ya baridi watakuchukia hadi kaburini. Glasi husuuzwa mara mbili na kufudikizwa. Mdomo wa glasi hauguswi kwa kidole. Alinionyesha kila kitu isipokuwa kimoja, kwa sababu hakuweza kudhani kwamba katika Kolwezi nzima kuna mtu mzima asiyekijua.

Mimi nilikuwa na mafunzo yangu mengine. Mgiriki alinifundisha kwamba mgonjwa hapaswi kuona dawa yake ikitayarishwa. Unakwenda nyuma ya pazia, unapima, unachanganya, unafuta chupa, kisha unatoka ukiwa umebeba kitu safi kilicho tayari. Huo ndio ulikuwa ustaarabu wa kazi, na mimi nilikuwa hodari wa ustaarabu. Kwa hiyo wateja wa kwanza walipoagiza chupa nne, nilizipeleka nyuma ya pazia, au rido kama tunavyoliita, lililotenga ukumbi na stoo, nikafuta midomo yake kwa kitambaa cheupe, nikazifungua moja moja bila kumwaga tone, nikatupa vizibo ndooni, nikatoka.

Aliyeketi kichwani mwa meza alikuwa Muamba, dereva wa malori makubwa ya mgodini. Alikuwa mtu wa maneno machache, na watu walisema Muamba akihama baa, baa humfuata. Alizitazama chupa, kisha akanitazama mimi.

"Citoyen," akasema, maana ndivyo tulivyotakiwa kuitana siku hizo, "nani njo alifungula hizi chupa?"

"Ni mi, tata."

"Wapi?"

"Kule nyuma. Mu stoo."

"Na bizibo?"

"Nilibitupa, tata."

Kisha akaniuliza taratibu, kama mtu anayetafuta hatua gizani: "Weye haina ule mutu wa kwa Mugiriki? Ule wa kuchanganyaka dawa?"

"Njo mi!" nikajibu kwa furaha, kwa kuwa nilipenda kukumbukwa.

Wakasimama wote wanne kwa pamoja. Hawakugombana, hawakutukana. Muamba alivaa kofia yake, akatoka, na wale watatu wakamfuata. Meza ya jirani nayo ikanyanyuka. Nilibaki na chupa nne zilizofunguliwa na ukumbi uliojaa viti.

Mama Ngalula alitoka jikoni, akaziona chupa, akaniona mimi, akakaa chini kama mtu aliyekatwa miguu.

"Yesu wangu," akasema. "Ulifungulia nyuma ya rido?"

Ndipo aliponieleza, polepole, kama anayemwambia mtoto kwamba moto unaunguza. Chupa hupelekwa ikiwa imefungwa. Mteja huigusa aone baridi yake. Unaifungua mbele ya macho yake, na kizibo unakiacha kimekaa juu ya mdomo wa chupa, ili yeye mwenyewe akiondoe kwa mkono wake. Chupa iliyofunguliwa mahali pengine ni chupa ya adui.

"Na Muamba zaidi ya bote," akaendelea. "Mudogo yake, Henri, alikufiaka kule Lubudi, ku matanga. Balimuletea chupa yenye ilishafunguliwa. Asubui alikunywa, mangaribi alikuwa maiti. Na leo Muamba analetewa chupa na mutu wa dawa, anatokea nayo nyuma ya rido, anamuchekea!"

Mimi kama mtu wa dawa ninajua mambo kumi yanayoweza kumuua mtu kati ya asubuhi na jioni, na tisa kati yake hayamo ndani ya chupa. Lakini la kumi limo. Nilikaa kwenye kiti cha Muamba, na niliona aibu iliyonichoma hadi masikioni.

"Nitafanya nini, mama?"

"Unajua cha kufanya. Kwetu na kwenu ni vile vile: mwenye kutoa pombe njo anaonjaka wa kwanza. Utamufungulia chupa, utaonja mbele ya batu bote, utamupa. Itaisha."

"Sikunywake, mama. Weye mwenyewe unajua. Njo maana ulinikamata ku kazi."

Sikuona hasira machoni mwake, niliona uchovu.

"Njo maana nilikukamata," akakubali. "Na sasa njo maana nitakuacha. Siku ya posho utanirudishia aproni."

Jumanne nilifungua kila chupa mbele ya mwenyewe. Shida ni kwamba wenyewe walikuwa wachache: dereva mmoja wa lori la kutoka Fungurume, asiyejua habari za mtaa, na mzee mmoja kiziwi. Ng'ambo ya barabara, katika baa ya pili, meza ya Muamba ilikuwa imepata makao mapya, na kila alasiri nilisikia vicheko vyao kupitia dirishani. Jumatano yule kiziwi naye alikuwa amekwisha kuambiwa kwa ishara.

Nilidhani ninachopoteza ni kazi tu. Alhamisi nikaona kwamba sivyo. Valérie alikuwa akiuza maandazi sokoni, na siku zote alirudi saa sita na beseni tupu kichwani. Siku hiyo alirudi saa tisa, na beseni lilikuwa limejaa kama lilivyotoka.

"Mama mumoja aliniuliza mafuta ya kukaangia nilitoa wapi," akasema, akilitua chini. "Batu bakacheka. Kiisha hakuna mutu alinunua."

"Batu banasema nini, Valérie?"

"Banasema bwana yangu anauaka batu."

Aliketi kwenye kigoda, akachukua andazi moja, akalila, kisha la pili, akitafuna kwa hasira kana kwamba anataka kuyamaliza yote yeye mwenyewe ili yasibaki kuwa ushahidi. Nilimweleza njia aliyoitaja Mama Ngalula, ya kuonja mbele ya watu. Akaacha kutafuna.

"Hapana," akasema. "Utafute njia ingine. Ila ile njia uitafute mbio."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilijaribu kuipima hali yangu kama nilivyokuwa nikipima dawa, huku nikitia kitu kimoja, kule kingine. Upande mmoja palikuwa na ahadi, ndiyo mali yangu ya mwisho. Upande wa pili palikuwa na beseni la maandazi. Kilichonisumbua zaidi si beseni. Nilikuwa nikimfikiria Muamba. Mtu yule alikuwa ameniuliza maswali manne tu, na katika kila swali alinipa nafasi ya kumwambia neno moja la kumtuliza. Mimi nilikuwa nikitabasamu. Nilikuwa msafi mno hata sikuona kwamba mwenzangu anaogopa.

Ijumaa, saa nane kasoro dakika kumi, nilimwomba Mama Ngalula chupa moja iliyo baridi kuliko zote. Hakuniuliza ni ya nani. Niliiweka juu ya trei pamoja na glasi na kifungulio, nikafunga aproni yangu vizuri, nikatoka nje.

Wafanyakazi wa zamu ya kwanza hushushwa na malori kwenye njia panda ya Manika, mbele ya karakana ya baiskeli. Ni mwendo wa dakika tano kutoka baani. Dakika tano hizo nilitembea katikati ya barabara, trei mkononi, jua likinipiga kichwani, na watu wakasimama milangoni kunitazama. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake ndani. Nilitamani kukimbia, lakini mtu aliyebeba glasi hakimbii.

Lori likafika. Wanaume wakaruka chini, nyuso zikiwa zimepakwa vumbi la mgodi, na Muamba alikuwa wa mwisho. Nilimkaribia nikasimama hatua mbili mbele yake.

"Tata Muamba, jambo."

"Jambo."

"Siku ya kwanza nilikukosea. Sikujua. Mi haikuingiaka mu baa hata siku moja, hakuna mutu alinifundisha. Nilifungula nyuma, ni kweli. Leo ninafungulia hapa."

Nikamsogezea chupa. Hakuigusa mara moja. Kisha akaweka kiganja chake juu yake, akapapasa kizibo kwa kidole gumba, mzunguko mzima, akatikisa kichwa kukubali. Nikaifungua. Nilikiacha kizibo juu ya mdomo wa chupa. Yeye hakukiondoa. Alinitazama tu, na watu wote wakanitazama, nikaelewa kwamba kizibo kile kilikuwa kikinisubiri mimi.

Nilikiondoa. Nikamimina glasi hadi nusu. Mkono wangu, ambao kwa miaka kumi na mmoja ulihesabu matone bila kukosea, ulimimina kwa kasi mno, na povu likaruka hadi kwenye aproni.

Nikanywa.

Ilikuwa chungu. Hilo ndilo nililolikumbuka baadaye, na karibu nicheke. Niliwahi kuwapa watoto wa Kolwezi maelfu ya vijiko vya kwinini nikiwaambia si chungu, na sasa nilikuwa nimesimama njia panda, nimekunja uso kama mmoja wao. Nyuma yangu mtu mmoja akacheka, si kwa ubaya. Nikamalizia yote iliyokuwamo, maana sikutaka aseme nimegusa kwa ulimi tu. Kisha nikafuta glasi, nikamimina tena, nikampa kwa mikono miwili.

Muamba aliishika glasi bila kunywa. Alikuwa anatazama povu.

"Mudogo yangu," akasema, "hakuna mutu alimuonjea." Akaigeuza glasi mkononi. "Balikuwa batu mingi pale ku matanga. Na mi nilikuwa pale. Chupa ilipita mu mukono yangu, nikamupa yeye. Mi pia sikuonja."

Namshukuru Mungu kwamba safari hii sikutabasamu. Alikunywa taratibu hadi mwisho, akarudisha glasi juu ya trei, akaifuta midomo kwa mkono wa shati.

"Kesho utanifungulia mbele ya macho yangu."

"Mbele ya macho yako, tata."

Jumamosi viti havikutosha. Mama Ngalula hakuniambia kwamba nimebaki. Alikuja tu na kifungulio chake mwenyewe, cha chuma kizito, chenye kamba ya kufunga kiunoni, akanifunga nacho kama anayemvisha mtoto sare ya shule. Niligawa chupa hadi mkono ukaota lengelenge. Kila kizibo nilikiacha mahali pake, na kila mara nilipokiona kidole cha mteja kikikiondoa, nilisikia kitu fulani kifuani kwangu kikilegea.

Lakini nyumbani hapakuwa na kulegea. Ijumaa ile Valérie alinipokea mlangoni, akavuta pumzi mara moja, ikamtosha.

"Ulikunywa."

"Nilionja, Valérie."

"Uliniambia nini?"

Nilijua nilimwambia nini. Nilimsimulia yote, na hata habari ya Henri, na jinsi Muamba alivyoishika ile glasi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaingia ndani. Jioni hiyo alinifunikia bukari, ugali wetu, na mboga mezani, akala peke yake na watoto wetu. Jumamosi aliuza maandazi yake yote, akarudi saa sita, na hakunieleza.

Jumapili ilikuwa siku ya Meza ya Bwana. Kwa desturi ya kanisa letu, aliyekunywa pombe huiacha trei impite hadi siku atakapoungama mbele ya wazee na kurudishwa. Hakuna anayekusimamia, unajua mwenyewe. Niliketi kwenye benchi letu, pembeni kabisa, na Valérie upande wangu wa kulia, ameshika kitabu cha nyimbo bila kukifungua. Nilikuwa na huzuni, nalisema bila kuficha. Miaka kumi na tisa tangu nibatizwe, trei haikuwa imenipita hata mara moja.

Mzee Mbayo akainuka, akaingia nyuma ya pazia la kijani lililo kando ya mimbari. Tulisikia vikombe vikigongana. Kisha akatoka, ameibeba trei kwa mikono miwili, vikombe vimekwisha kujazwa.

Nilikuwa nimeliona jambo hilo kila mwezi tangu nihamie mjini, na sikuwahi kuliona. Zaidi ya watu mia mbili walikuwa wamekaa pale, watu wa mtaa ule ule, waliokataa maandazi ya mke wangu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ni nani aliyemimina, na wapi.

Vikombe vyenyewe nilivifahamu. Vilikuwa vikombe vya kupimia dawa, vya kioo, vyenye mistari. Nilivichagua mimi dukani kwa Mgiriki, miaka mingi nyuma, kanisa lilipoviomba. Ndani yake hutiwa grenadini, ile sharubati nyekundu isiyo na kileo, iliyochanganywa na maji. Trei ilipita safu baada ya safu, ikafika kwetu. Valérie akachukua kikombe chake. Mzee Mbayo akanisogezea mimi, macho yetu yakakutana, nikatikisa kichwa kukataa. Naye akatikisa kichwa chake, polepole, kama aliyeelewa, akaendelea mbele.

Sala ikasomwa. Watu wote wakainua vikombe. Nikainamisha macho, nikatazama lengelenge kwenye kiganja changu, ambalo lilikuwa limepasuka.

Ndipo nilipohisi kioo kikiwekwa pale pale, juu ya lengelenge. Valérie alikuwa akitazama mbele, kwenye mimbari, kitabu cha nyimbo kimebanwa kwapani. Kikombe chake kilikuwa nusu. Grenadini ilikuwa imesimama sawasawa kwenye mstari wa tano, kama iliyopimwa na mtu wa dawa.

"Nilishaonja," akanong'ona. "Kunywa."